Kromatini ya Seli za Ini: Mafunzo ya Hadubini kwa Mtu wa Mahege

Kromatini ni DNA pamoja na protini zinazoishika na kuipanga ndani ya kiini cha seli. Kwenye slaidi ya ini iliyotiwa rangi vizuri, huonekana kama punje na nyuzi za rangi ya zambarau iliyokolea. Baadhi zimeshikamana na utando wa kiini, nyingine zimetawanyika katikati, na kati yake pana nafasi nyeupe. Kwa mpangilio huo, msomaji wa slaidi huweza kutambua kama seli ilikuwa kazini, ilikuwa imezeeka, ilikuwa ikifa au ilikuwa imeanza kugeuka kuwa saratani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alizaliwa Mahege, wilayani Kibiti, akasomea kazi ya maabara ya tishu Dar es Salaam. Jambo kubwa alilojifunza huko ni kwamba kabla ya kusema kromatini ina ugonjwa gani, lazima ijulikane kwanza seli ilikuwa na kazi gani na tishu ilipitia nini kabla ya kufika kwenye kioo.

Kinachoonekana kwenye slaidi

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5, na yapata asilimia 80 ya ujazo wake ni seli za ini zenyewe, ambazo wataalamu huziita hepatosaiti. Kila moja ina pembe kadhaa na upana wa mikromita 20 hadi 30. Mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kiini chake ni cha mviringo, hukaa katikati, na mara nyingi kina kipenyo cha mikromita 6 hadi 8. Ndani ya kiini huonekana nukleoli moja au mbili, yaani madoa mazito ambamo ribosomu huanza kutengenezwa.

Ili haya yaonekane, kipande cha ini hugandishwa ndani ya nta ya parafini, hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 4 au 5, kisha hutiwa rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati. Yenyewe haishiki vizuri mpaka ichanganywe na shabu, na baada ya hapo huishika DNA kwa nguvu. Ya pili ni eosini, inayoipa saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, rangi ya waridi. Kwa anayetaka uhakika kwamba anachokitazama ni DNA hasa, ipo njia ya Robert Feulgen ya mwaka 1924: asidi hufungua sehemu ya molekuli ya DNA, na rangi hushika hapo tu.

Mwaka 1928 mtaalamu wa mimea Emil Heitz alitenganisha aina mbili za kromatini. Heterokromatini ni ile iliyobanwa, inayoonekana nyeusi nyeusi. Yukromatini ni ile iliyofunguka, inayoonekana hafifu. Kiini cha seli ya ini kina yukromatini nyingi. Heterokromatini yake ni ukanda mwembamba kando ya utando na madoa machache kuzunguka nukleoli. Kwenye hadubini ya elektroni huonekana pia kwamba ukanda huo hukatika kila penye tundu la utando, mahali ambapo ujumbe wa jeni hutoka kwenda kwenye saitoplazimu.

Katika somo la kwanza la ini, mwalimu wa mwandishi aliwapa wanafunzi penseli na kuwakataza kutaja jina la seli yoyote kabla ya kuichora. Agizo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu ndani ya uwanja mmoja wa hadubini mna seli za aina nyingi. Seli za Kupffer, zinazomeza uchafu na vimelea, zina viini virefu vyenye rangi nzito kidogo. Seli za kuta za mishipa midogo ya damu zina viini vilivyobapa. Limfosaiti, ambazo ni seli za kinga, zina viini vidogo vya mviringo vilivyojaa mabonge meusi. Anayechora huona kwa mkono wake kwamba weusi wa limfosaiti ni hali yake ya afya, na kwamba kiini cha hepatosaiti kikifanana nao, kuna jambo. Kromatini hupimwa kwa kulinganisha seli na seli ya aina yake.

Mpangilio ulio chini ya uwezo wa mwanga

Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2 hivi. Punje zinazoonekana kwenye slaidi ni mikusanyiko mikubwa. Muundo wenyewe ni mdogo kuliko hapo. Kiini kimoja cha binadamu chenye seti mbili za kromosomu kina DNA yenye urefu wa karibu mita 2. Urefu huo huingia ndani ya kiini kwa kuzungushwa kwenye histoni, protini ndogo ambazo Albrecht Kossel alizigundua mwaka 1884 katika seli za damu za bata bukini. Histoni nane hukusanyika pamoja, na DNA yenye jozi za besi 147 (besi ndizo herufi za DNA) huzizunguka mara moja na zaidi ya nusu. Kipande hicho huitwa nyukleosomu, na upana wake ni nanomita 11 hivi. Nanomita 1 ni sehemu moja ya elfu ya mikromita. Mtu wa Mahege huelewa upesi akikumbuka mshipi wa kuvulia uliozungushwa kwenye kijiti kimoja, ukaachwa kidogo, kisha ukazungushwa kwenye kijiti kingine, mpaka mshipi wote ukaisha bila kufanya fundo.

Ini lina nafasi ya heshima katika historia ya ugunduzi huu. Mwaka 1973 Dean Hewish na Leigh Burgoyne, wakiwa Australia, walichukua viini vya ini la panya na kuacha vimeng'enya vya viini hivyo vyenyewe vikate DNA. Vipande vilivyotoka havikuwa vya urefu wa ovyo. Vilipangika kwa hatua zinazolingana, ishara kwamba kuna kitu kinachoilinda DNA kwa vipimo sawasawa. Mwaka uliofuata Roger Kornberg alieleza kwamba kitu hicho ni kundi la histoni nane na DNA ya takriban jozi 200. Mwaka huohuo Ada na Donald Olins walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha nyukleosomu zikiwa zimepangana mstarini. Kwa miaka mingi vitabu viliendelea kufundisha kwamba nyukleosomu hujisokota kuwa uzi mnene wa nanomita 30. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 na maabara ya Clodagh O'Shea huko Marekani ulionyesha ndani ya viini vyenyewe uzi wa unene wa nanomita 5 hadi 24, usio na mpangilio wa kurudiarudia, uliojazana zaidi mahali fulani na kidogo mahali pengine. Weusi na weupe wa slaidi, basi, ni tofauti ya msongamano wa uzi uleule.

Weupe wa kiini ni alama ya kazi

Anayeanza kusoma slaidi hudhani kiini cheupe ni kiini kisicho na kitu. Kwa hepatosaiti mambo ni kinyume. Seli hizi hutengeneza albumini, kiasi cha gramu 10 na zaidi kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na protini za kugandisha damu. Hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari, husafisha dawa na sumu. Kila kazi inahitaji jeni zake ziwe wazi, nazo haziwezi kusomwa zikiwa zimebanwa ndani ya heterokromatini.

Namna jeni za ini zinavyofunguliwa inajulikana vizuri kwa jeni ya albumini. Katika kiinitete cha panya, protini za kundi linaloitwa FOXA hutangulia kushika sehemu maalumu ya jeni hiyo hata ikiwa bado imebanwa. Zikishaishika, huifungua na kuzipa protini nyingine nafasi ya kuingia. Ken Zaret na wenzake ndio waliolionyesha jambo hili. Seli ya figo na seli ya ini za mtu mmoja zina DNA ileile. Kinachotofautisha ni sehemu zilizofunguliwa na zilizofungwa. Kwa sababu hiyo kromatini ya ini ina sura yake, na msomaji aliyezoea huitambua hata kabla ya kuona mirija ya nyongo.

Kuna weupe mwingine ambao si wa kazi. Baadhi ya viini hujaa glaikojeni, yaani sukari ya akiba, kromatini ikasukumwa pembeni na katikati pakabaki peupe kabisa kama palipokatwa. Viini hivyo huonekana mara nyingi kwa watu wenye kisukari na wenye ini lenye mafuta. Kinachotofautisha weupe huu na ule wa kazi ni nukleoli na nyuzi hafifu za kromatini: katika seli inayofanya kazi huonekana, katika kiini kilichojaa glaikojeni hufichika.

Viini vikubwa na viini viwili

Hepatosaiti nyingi zina viini viwili ndani ya seli moja. Nyingine zina kiini kimoja chenye seti nne za kromosomu, au nane. Hali hii hutokea seli inapoongeza DNA yake bila kumaliza kugawanyika, nayo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Haina maana ya ugonjwa. Ini la mzee mwenye afya lina viini vya ukubwa mbalimbali kuliko la mtoto, na slaidi yake humtisha asiyejua.

Hesabu husaidia hapa. DNA ikiwa maradufu, ujazo wa kiini nao huelekea kuwa maradufu, lakini kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 26 tu. Kiini cha mikromita 7 huwa karibu 9. Ongezeko la namna hiyo, kwenye kiini kilicho duara, chenye utando laini na kromatini iliyosambaa sawasawa, ni la kawaida. Kiini kikiwa kikubwa na utando wake umepinda ovyo, kromatini ikiwa mabonge yasiyolingana, hilo ni suala jingine. Mwandishi alizoezwa kutoandika neno "kikubwa" peke yake kwenye daftari. Alitakiwa aandike ukubwa, umbo la utando, mpangilio wa kromatini na umri wa mgonjwa, kwa utaratibu huo.

Saa za kwanza baada ya kisu

Ini huoza upesi kuliko viungo vingi, kwa sababu lina vimeng'enya vingi na damu nyingi. Damu ikikoma kupita, vimeng'enya hutoka kwenye vifuko vyake na kuanza kuila seli yenyewe, na joto huharakisha kazi hiyo. Kromatini hubadilika kwa hatua: kwanza hujikusanya kuwa bonge moja jeusi na kiini husinyaa, kisha bonge huvunjika vipande, mwisho rangi hufifia mpaka kiini kisionekane. Hatua hizohizo huonekana seli inapokufa ndani ya mtu aliye hai. Asiyejua tishu ilikaa muda gani kabla ya kuhifadhiwa aweza kusoma kifo kilichotokea ndani ya chupa akadhani kilitokea ndani ya mgonjwa.

Somo hili mwandishi alilithibitisha nyumbani Mahege, wakati wa likizo ya Idi. Babu yake ndiye aliyekuwa akichinja kwa ajili ya majirani, na alikuwa na desturi ya kulikagua ini kabla halijagawiwa: rangi yake, kingo zake, madoa meupe, na minyoo ndani ya mirija ya nyongo. Mjukuu aliomba kipande cha ini la mbuzi akakigawa mara mbili. Nusu moja aliitia palepale kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Nusu ya pili aliifunika na kuiacha kivulini hadi jioni, ndipo akaitia kwenye chupa yake. Babu aliuliza, "Mjukuu wangu, ini moja linahitaji chupa mbili za nini?" Akajibiwa kwamba litakaporudi kutoka Dar es Salaam litakuwa maini mawili. Ndivyo ilivyokuwa. Slaidi ya kwanza ilikuwa na viini duara vyenye nukleoli safi. Ya pili ilikuwa na viini vilivyosinyaa na vingine vilivyofifia, mpaka safu za seli hazikufuatika vizuri.

Tofauti kati ya kuoza na ugonjwa hupatikana kwa kutazama eneo pana. Tishu iliyooza hubadilika karibu yote kwa kiwango kimoja, na haina seli za kinga zilizokuja kuitikia. Ugonjwa huchagua mahali: hukaa karibu na mshipa fulani, au hushika seli moja hapa na moja pale huku jirani zake zikiwa salama. Kifo cha seli mojamoja kwa utaratibu, kiitwacho apoptosisi, kilielezwa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, na sehemu ya msingi wake ilikuwa maini ya panya ambayo Kerr aliyachunguza. Katika kifo hicho seli hukatakata kromatini yake yenyewe kati ya nyukleosomu na nyukleosomu, na vipande hutoka kwa hatua zilezile ambazo Hewish na Burgoyne waliziona mwaka 1973.

Kanuni za kuhifadhi ni chache. Kipande kisizidi unene wa milimita 5, kwa sababu formalini hupenya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa saa. Formalini iwe ya asilimia 10, ujazo wake uwe angalau mara kumi ya tishu, na iwe imetiwa chumvi za fosfati ili isigeuke asidi. Chupa iwe na mdomo mpana, jina liandikwe ubavuni na si kwenye kifuniko. Kwa sampuli inayotoka visiwani katika delta ya Rufiji kanuni hizi ni za lazima. Husafiri kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa gari hadi barabara ya Kilwa, na wakati wa masika safari hiyo hurefuka. Ikishakuwa ndani ya formalini nzuri, ucheleweshaji huo hauidhuru sana. Kilichopotea kabla ya formalini hakirudi.

Malaria na rangi yake ndani ya ini

Bonde la Rufiji ni eneo la malaria, na ini ndilo kituo cha kwanza cha kimelea baada ya mbu kuuma. Kwa muda mrefu haikujulikana kimelea huishi wapi kabla ya kuonekana kwenye damu. Cyril Garnham, daktari aliyefanya kazi Kenya, alitangulia kutoa mwanga: mwaka 1947 alieleza vimelea vya jamii ya karibu na malaria vikikua ndani ya maini ya kima wa Afrika. Mwaka 1948, akiwa na Henry Shortt huko London, alionyesha hatua ya ini kwa malaria ya kima wa Asia, kisha kwa malaria ya binadamu.

Ndani ya hepatosaiti, kimelea cha *Plasmodium falciparum* hukua kwa takriban siku 6 au 7. Kiini chake hugawanyika tena na tena, mpaka seli moja ikabeba makumi ya maelfu ya vimelea vichanga, kila kimoja na kromatini yake kama nukta. Kiini cha mwenye seli husukumwa kando. Seli zinazoshikwa ni chache mno, kwa hiyo hatua hii karibu haionekani kabisa kwenye sampuli za wagonjwa.

Kinachoonekana ni masalio. Vimelea vikishakula hemoglobini ndani ya damu, huacha punje za rangi ya kahawia iliyokolea, nazo hukusanywa na seli za Kupffer. Kwenye slaidi za watu wa Pwani punje hizi ni za kawaida. Hatari ni kwamba formalini iliyogeuka asidi hutengeneza punje za kahawia zinazofanana nazo sana, na aina zote mbili hung'aa chini ya mwanga wa kupolaraizi. Mwalimu alifundisha kutazama mahali zilipo. Punje za malaria hukaa ndani ya seli za Kupffer na ndani ya seli nyekundu zenye vimelea. Punje za formalini hutapakaa juu ya tishu, hasa penye damu, bila kujali mpaka wa seli. Punje zikilala juu ya kiini huweza kudhaniwa ni mabonge ya kromatini. Kupandisha na kushusha lenzi polepole hutatua shaka hiyo, kwani kromatini huonekana vizuri lenzi ikiwa imelenga tishu yenyewe, na punje zilizo juu huonekana vizuri kabla ya hapo.

Virusi vinavyojifanya kromatini

Kirusi cha homa ya ini aina ya B kina DNA ndogo sana, yenye jozi za besi 3,200 hivi. Baruch Blumberg na wenzake waligundua alama yake kwenye damu katikati ya miaka ya 1960. Kirusi kikiingia kwenye hepatosaiti, DNA yake hupelekwa ndani ya kiini, hufungwa kuwa duara kamili, kisha huvikwa histoni za mgonjwa mwenyewe. Matokeo yake ni kromosomu ndogo ya kigeni inayokaa miongoni mwa kromosomu za binadamu, ikisomwa na vyombo vilevile vya seli.

Seli ina ulinzi dhidi yake. Protini ziitwazo SMC5 na SMC6 huishika DNA hiyo na kuinyamazisha. Kirusi nacho hutoa protini yake, HBx, inayosababisha protini hizo za ulinzi zivunjwe. Jambo hili lilichapishwa mwaka 2016, na linaeleza kwa nini ugonjwa huu hudumu. Dawa kama tenofovir huzuia kirusi kisizaane, lakini duara lililovikwa histoni hubaki ndani ya kiini, na dawa zikiachwa kirusi huweza kuanza tena kuzaana.

Kwa hadubini ya mwanga duara hilo halionekani. Huonekana dalili zake: saitoplazimu ya baadhi ya seli huwa na wingu la waridi hafifu, kwa kuwa imejaa protini ya ganda la kirusi; na viini vingine huonekana kama vilivyojaa mchanga laini, kromatini imesukumwa pembeni na protini ya kirusi imejaa katikati. Mwandishi alifundishwa kuvitofautisha viini hivyo na vile vya glaikojeni, ambavyo weupe wake ni safi, hauna chenga. Kinga ipo. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kiini ambacho kirusi hakikuingia hakihitaji dawa ya kukitoa.

Sumukuvu

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wa aina ya *Aspergillus* kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ilianza kujulikana mwaka 1960, batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Afrika ya Mashariki ina historia yake chungu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 mlipuko ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zamani zaidi, utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 1971 na ule wa Murang'a nchini Kenya wa mwaka 1973 ulikuwa tayari umeonyesha kwamba penye sumukuvu nyingi kwenye chakula, saratani ya ini nayo ni nyingi.

Sumukuvu yenyewe haiumizi DNA moja kwa moja. Vimeng'enya vya ini, katika juhudi ya kuisafisha, huigeuza kuwa umbo kali linalong'ang'ania besi ya guanini. Uzi ulio wazi hushikwa kwa urahisi kuliko uliozungushwa kwenye histoni, na seli ya ini, kwa kazi yake, ina sehemu nyingi zilizo wazi. Jeraha lisiporekebishwa kabla seli haijagawanyika, besi moja hubadilika kuwa nyingine. Mwaka 1991 tafiti za kusini mwa Afrika na za Qidong, China, zilikuta badiliko moja likijirudia katika saratani za ini za maeneo yenye sumukuvu: herufi ya tatu ya kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 katika jeni ya TP53, jeni inayozuia seli iliyojeruhiwa isiendelee kugawanyika. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye moja tu kati ya hizo.

Hadubini haioni badiliko la herufi moja. Kazi ya kulizuia hufanyika kwenye uanio: kukausha mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja badala ya ardhi tupu, kutenga punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kutozitia kwenye magunia kabla hazijakauka. Kupika hakuiondoi sumu hii.

Slaidi za Kampala

Utafiti wa Afrika ya Mashariki unaogusa moja kwa moja sura ya viini vya ini ulichapishwa mwaka 1973 na Peter Anthony, Charles Vogel na Lewellys Barker. Walichunguza maini ya wagonjwa wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Walieleza hali ambayo seli za ini huwa kubwa, viini hutofautiana umbo na ukubwa na kushika rangi nzito, na seli nyingine huwa na viini vingi. Mabadiliko hayo hutokea kwa makundi au kujaza kinundu kizima cha ini lenye makovu. Waliikuta kwa asilimia 1 ya wenye ini la kawaida, asilimia 7 hivi ya wenye makovu, na asilimia 65 hivi ya wenye makovu pamoja na saratani. Ilihusiana pia na alama ya homa ya ini B. Wakaiita hali inayotangulia saratani.

Mjadala uliofuata una mafunzo makubwa. Leo hali hiyo huitwa badiliko la seli kubwa, na wataalamu wengi huona kwamba si kila seli ya namna hiyo iko njiani kuwa saratani; nyingine ni seli zilizozeeka na kuchoshwa na ugonjwa wa muda mrefu, zilizojaza DNA bila kugawanyika. Badiliko la seli ndogo, ambamo kiini huwa kikubwa ikilinganishwa na saitoplazimu iliyopungua na seli husongamana, huchukuliwa kuwa karibu zaidi na saratani. Saratani yenyewe hutambuliwa kwa mambo kadhaa kwa pamoja: kromatini nzito isiyolingana, utando wa kiini uliopindapinda, safu za seli zenye unene wa seli zaidi ya tatu, na kupotea kwa nyuzi za retikulini zinazoshikilia safu hizo. Takwimu za Kampala zimebaki na thamani kwa sababu waliozikusanya waliandika hali ya ini zima, makovu, damu na kirusi, wala hawakuishia kwenye sura ya kiini.

Maelezo yanayofuatana na chupa

Vifo vingi vya vijijini havifiki kwenye hadubini. Katika mfumo wa ufuatiliaji wa watu na afya ulioanzishwa Rufiji mwaka 1998, sababu ya kifo ilitafutwa kwa kuwahoji wafiwa: macho yalikuwa ya manjano? tumbo lilijaa? kwa muda gani? Majibu hayo yalitoa picha ya magonjwa ya eneo zima ambayo hakuna maabara ingeweza kuitoa. Hayawezi kutofautisha makovu ya ini na saratani ya ini, na hapo ndipo tishu inapohitajika. Nayo tishu bila maelezo hupungukiwa vilevile.

Kwa hiyo fomu inayofuatana na chupa ya ini inapaswa kueleza umri wa mgonjwa, muda wa kuugua, majibu ya kipimo cha homa ya ini B, dawa za hospitali na za mitishamba alizotumia, kama ana kisukari, chakula chake kikuu na namna kinavyohifadhiwa, saa tishu ilipotolewa na saa ilipoingia kwenye formalini. Umri humzuia msomaji asiite uzee saratani. Saa humzuia asiite uozo ugonjwa. Kisukari hueleza weupe wa glaikojeni, na kipimo cha kirusi hueleza viini vyenye mchanga. Fomu iliyojazwa hivyo katika zahanati ya Mahege ni sehemu ya uchunguzi wa kromatini sawa na rangi na lenzi, na anayeijaza anastahili kufundishwa sababu ya kila mstari wake.